Nakala ya Nne

Umeme ulikatika raundi ya tatu, kaka yangu akiwa anakaribia kuanguka.

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega kwenye benchi mbele ya televisheni, yeye kushoto mwa kibodi ya kompyuta yetu na mimi kulia, kama mchezo wetu wa ngumi ulivyotaka. Mabondia wawili wadogo, mmoja mweupe na mwingine wa kijivu, walikuwa wanazungukana kwenye kioo. Juu ya kila mmoja palikuwa na mstari wa nguvu zake. Mstari wa kaka ulikuwa umebaki mfupi kama kijiti cha kiberiti. Nilibonyeza kitufe changu cha ngumi ya tumbo, bondia wake akayumba, na kioo kikawa cheusi.

"Nimeshinda!" nikapiga kelele.

"Umeshinda nini? Refa hajahesabu hata moja."

"Ulikuwa unaanguka, Waya."

"Nilikuwa nainama. Hujawahi kuona mtu akiinama?"

Waya ndilo jina alilojulikana nalo mtaani, kwa sababu alikuwa fundi wa redio na televisheni, na kwa sababu alikuwa mwembamba. Mimi aliniita Taipu, kwa kuwa napiga taipu ofisini. Ndiyo majina tuliyoyaandika kila mchezo ulipouliza nani anapigana na nani. Mimi nilikuwa na vidole vyepesi, yeye alikuwa na akili ya kujua nitapiga wapi, na hesabu yetu ya miaka mitatu ilikuwa mbaya sana upande wangu. Asubuhi ile ilikuwa ya kwangu. Hata yeye alijua, ndiyo maana alibisha sana.

Alimalizia chai yake akiwa wima. "Jioni tunaanza upya, raundi ya kwanza," akasema. "Uje na mto wa kuangukia."

"Na wewe uje na machela."

Alipita dirishani kwa mama. "Mama, naenda!"

"Nawa mikono!" mama akajibu kutoka kitandani. Alimwambia hivyo akitoka na akirudi, tangu kaka alipokuwa mdogo na kufungua kila saa ya mezani iliyoingia nyumbani. Kaka alicheka, akaenda.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja, kati ya fundi cherehani na mkata vioo. Fundi cherehani ndiye aliyetusimulia. Alisema kaka alifungua milango yote miwili ili apate mwanga, akatoa mgongo wa televisheni kubwa ya mteja, akaanza kuchokoa ndani. Mtaa mzima haukuwa na umeme. Plagi ya televisheni ile ilikuwa ukutani tangu jana yake. Kaka alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi hiyo, na kila aliyekuja kujifunza kwake alifundishwa neno moja kabla ya mengine yote: chomoa. Siku ile yeye hakuchomoa. Umeme haukuwepo, naye akauamini.

"Saa tano na dakika kumi redio zote zikawaka kwa pamoja," fundi cherehani alisema. "Zote alizokuwa ameziacha wazi. Hii muziki, hii taarifa, hii mtu anacheka. Kelele yake! Nikamwita, 'Waya, punguza bwana, unatutoboa masikio.' Nikamwita tena. Halafu nikajiuliza, mbona hata moja haipungui?"

Dakika ile mimi nilikuwa nakunja nguo. Televisheni yetu nayo iliwaka, kioo kitupu, kikitoa mvumo wake. Nakumbuka nilikitazama nikasema peke yangu, "Jioni utanitambua." Kwa hiyo najua hasa nilikuwa nafanya nini.

Naandika haya yasije yakanitoka. Mambo madogo yameshaanza kunitoka. Sikumbuki alivaa shati gani.

Kompyuta ile iliachwa na mwalimu mmoja aliyehama. Ilikuwa kibodi nyeusi isiyozidi daftari kubwa, vitufe vyake laini kama raba ya kufutia. Haikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu. Ukiizima inasahau kila kitu, na ukiiwasha inabidi uifundishe upya mchezo kutoka kwenye kanda ya kawaida, kama hizi za muziki, kwa kinasa sauti kilichounganishwa kwa waya. Kazi hiyo ilichukua karibu dakika sita, na dakika zote sita kinasa kililia. Si muziki wala maneno. Mlio mwembamba, mkali, unaopanda na kushuka na kukwaruza, kriii, kriii, huku mistari ya rangi ikikimbia pembeni mwa kioo. Mara nyingi haikufika mwisho. Kompyuta ilikataa katikati, kaka akasema, "Imegoma," akairudisha kanda nyuma na kuanza tena.

Chumba cha mama kilikuwa nyuma ya ukuta uleule. Miguu ya mama iliacha kumbeba miaka miwili iliyopita. Kila siku saa kumi na moja na nusu kaka alifika, akaweka kanda kabla hata ya kuvua viatu, na zile dakika sita za kelele akazitumia kunawa mikono. Mlio ulipokwisha aliingia kwa mama, akakaa ukingoni mwa kitanda, na wakala pamoja mama alichopelekewa. Halafu ndipo alipokuja kunipiga.

Tulimzika Jumatatu. Mama alibebwa kwenye kiti hadi kaburini, akaona kila kitu, hakulia kwa sauti. Tuliporudi aliomba alazwe, na tangu hapo akaanza kufunga mdomo. Si kwa ugomvi. Ukimpelekea kijiko alikupa vijiko viwili vya kukuridhisha, kisha akageuka.

"Koo limejifunga," alisema.

Muuguzi wa zahanati alikuja siku ya nane, akambana ngozi ya mkono kwa vidole viwili na kuiangalia inavyochelewa kurudi. Nje akaniambia, "Dada, nisikufiche. Akiendelea hivi hamalizi mwezi."

Kesho yake nikamuuliza mama anataka nini. Chochote.

"Nataka kumsikia," akasema.

"Kumsikia nani, mama?"

"Unajua nani."

Picha zake tulikuwa nazo nne. Sauti hatukuwa nayo. Mtu aliyeishi maisha yake yote akitengeneza vitu vya kusemea hakuacha neno lake hata moja mahali popote, ndivyo nilivyofikiri, mpaka nikaikumbuka kanda ya ngumi.

Kanda zile hazionyeshi kilichomo ndani, kwa hiyo kaka alikuwa na desturi yake. Kabla ya kunakili mchezo alichomeka kipaza sauti na kuutangaza, ili siku nyingine akisikiliza ajue amefika wapi. Ngumi aliinakili mara nne mfululizo kwenye upande mmoja, kwa sababu kompyuta ilikuwa na maringo, ikikataa nakala hii hukubali ile. Kila nakala ilikuwa na tangazo lake.

"Ninayo sauti yake," nikamwambia mama. "Kesho utamsikia. Ukimsikia utakula?"

Aligeuza uso kunielekea. "Nitakula."

Kanda haikuwa mahali pake juu ya televisheni. Niliikuta kabatini, ndani ya bahasha safi, imebandikwa karatasi yenye mwandiko wa kalamu ya wino ambao si wa kaka: *Maneno ya msiba. Isiguswe.* Chini ya karatasi hiyo mpya yalionekana maandishi ya zamani, herufi kubwa: NGUMI. Mgongoni mwa kanda kuna kile kipande kidogo cha plastiki ambacho ukikivunja mtu hawezi tena kurekodi juu yake. Kaka alikuwa amekivunja. Tundu lilikuwa limezibwa kwa selotepu, vizuri kabisa, na mtu mwangalifu.

Mjomba, ndugu yake mama, ndiye aliyezungumza kwa niaba ya familia siku ya mazishi. Ana sauti ya kusikika mpaka barabarani, na hotuba zake hupenda kuzihifadhi. Nilimkuta kwake akipiga pasi suruali.

"Mjomba, hii kanda uliipata wapi?"

"Juu ya televisheni pale kwenu. Nilikuwa nahangaika kutafuta tupu, watu wameshakaa." Akaweka pasi. "Na usidhani niliivamia tu. Niliijaribu kwanza. Ikalia kama mtu anakwaruza sufuria. Nikajua basi, kanda ya fundi imeharibika, ndiyo maana kaitupa hapo."

"Haikuwa imeharibika. Ni mchezo. Wa ngumi."

"Mchezo wa ngumi ndiyo unalia hivyo? Basi huyo aliyepigwa aliumia sana." Alianza kucheka, kisha akaniona usoni akaacha.

"Kabla ya ile kelele, mwanzoni kabisa, hukusikia mtu anaongea?"

Mjomba alizungusha joto la pasi hadi mwisho, akaizima. "Alikuwepo mmoja," akasema polepole. "Nilidhani mtangazaji wa redio."

"Alikuwa Waya."

Alikaa juu ya suruali aliyokuwa akiinyoosha. Mtu mwenye sauti ya kufika barabarani, alisema kwa kunong'ona, "Mwanangu, nimemfuta?"

"Ulirekodi muda gani?"

"Sijui. Mpaka koo likakauka. Nikanyanyuka kutafuta maji, nikasahau kurudi."

Sikuwahi kuwaza kwamba nitashukuru kiu ya Mjomba. Nilirudi nyumbani nikaweka kanda kwenye kinasa, nikakaa sakafuni, nikasikiliza maneno ya msiba yote. Alikuwa kijana mtulivu. Alikuwa nguzo ya mama yake. Hakuna aliyemjua aliyewahi kumsikia akibishana. Hapo nilitabasamu. Dakika ya kumi na saba Mjomba akakohoa, akasema, "Samahani kidogo," kiti kikaburutwa. Mkwaruzo, kisha ghafla kriii, mkia wa nakala ya tatu iliyokatwa katikati. Ikaisha. Kimya. Halafu mtu akapuliza kipaza sauti mara mbili, fuu, fuu.

"Mabibi na mabwana, ngumi," kaka yangu akasema. "Nakala ya nne, ambayo ni ya mwisho. Ikigoma na hii, tukalale."

Nilirudisha nyuma nikamsikiliza mara tatu tu. Niliogopa kuichosha.

Siku ya pili, saa kumi na moja na nusu, niliweka kinasa juu ya kiti karibu na kichwa cha mama, na bakuli la supu mapajani mwangu. Nilikuwa nimeiandaa kanda mahali penyewe. Nikabonyeza.

Fuu, fuu. "Mabibi na mabwana, ngumi. Nakala ya nne, ambayo ni ya mwisho. Ikigoma na hii, tukalale."

Mama alikunja uso. "Huyo nani?"

"Ni Waya, mama."

"Huyo mtangazaji."

"Ni yeye, alikuwa anaigiza. Anajifanya yuko redioni. Sikiliza tena."

"Mimi namjua mwanangu anavyoongea," mama akasema, bila hasira. "Usinidanganye kwa sababu nimelala."

Sikuwa na kingine. Ilikuwa kweli: sauti ile kaka aliibana puani, akaivalisha tai. Hakuwahi kumwambia mama neno kwa sauti hiyo. Mchezo ukaanza kulia na nikanyoosha mkono niuzime, maana mlio ule kwa karibu unauma meno.

Mama akanishika kifundo cha mkono. Siku tisa hakuwa na nguvu ya kushika kikombe.

"Acha."

Alikuwa amegeuza kichwa. Hakukitazama kinasa. Aliutazama ukuta, ule wa upande wa televisheni. Mlio ulipanda, ukashuka, ukakwaruza.

"Amefika," akasema. Kisha kwa sauti ya juu kidogo, kwa ukuta, "Nawa mikono!"

Akafungua mdomo. Nikatia kijiko. Akameza, akafungua tena. Supu ilimwagika kidogo kwa haraka yangu, naye akaniambia niwe mwangalifu na shuka. Nilihesabu vijiko kumi na viwili. Nilikuwa nafikiri, tumepona. Nilikuwa nafikiri, nitamwambia muuguzi.

Halafu mlio ukaisha, na mama akatazama mlango.

Alitazama jinsi mtu anavyotazama akijua kabisa nani anaingia. Alisogeza hata miguu yake, ile isiyosogea, kumpa nafasi ya kukaa ukingoni. Kijiko kilikuwa hewani kati yetu. Pazia la mlangoni lilikuwa limetulia. Mama alingoja muda wa mtu kufuta mikono kwa taulo, kisha muda wa mtu kuvua viatu, kisha akageukia ukutani. Usiku hakula wala asubuhi hakula, na chai niliyompelekea ilipoa ikawa na utando.

Sikutaka kurudia. Lakini saa kumi na moja na nusu ilipofika mwenyewe aliuliza, "Mbona kimya?"

Nikaweka kanda. Nikaanza kumlisha haraka haraka, nikiwaza mlango. Dakika ya tano kinasa kikatoa mlio mzito kama mtu anayepiga mwayo, kikasimama. Utepe ulikuwa umejisokota kwenye gurudumu. Nilishtuka, nikadhani kila kitu kimekwisha.

"Imegoma," mama akasema. Alisema kama kaka alivyokuwa akisema, kwa kuchoka kidogo, kama unavyosema juu ya mbuzi asiyetaka kufungwa.

Nilimtazama. "Imegoma," nikamjibu.

"Basi anarudisha nyuma." Akafungua mdomo, akala vijiko vitatu zaidi. Hakutazama mlango.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mlio usipofika mwisho, hangoji mtu mlangoni.

Mama hajachanganyikiwa. Asubuhi huniuliza kama nimefika kaburini, na kama majani yameota. Anajua. Jioni, zile dakika tano, sijui anajua nini, na sijamuuliza.

Nilijaribu kuinakili kanda kwa redio yenye milango miwili ya kanda. Ilitoka na mvumo chini yake, mama akasikiliza kidogo akasema hiyo siyo, akafunga mdomo. Kwa hiyo ni ile ile moja, kila siku.

Jumamosi ya nne baada ya mazishi, mchana, niliunganisha kompyuta. Nilikuwa nimeshaona kwamba mlio unafifia, na nilijua haitakuwepo nafasi nyingine. Nakala ya nne ilikubali mara ya kwanza. Mchezo ukauliza majina. Niliandika WAYA, nikaandika TAIPU, nikakaa upande wangu wa benchi.

Kengele ililia. Bondia wake alisimama pale alipowekwa, mikono juu, akipumua. Walimtengeneza hivyo, mabega yanapanda na kushuka hata asipoguswa. Niliusogelea upande wangu wa kibodi nikampiga. Sijui kwa nini. Labda nilitaka ainame. Nilimpiga tena, tumboni, palepale, na mstari wake ukapungua mpaka ukawa kijiti cha kiberiti, kisha ukaisha, akaanguka chali. Refa akaja akainama juu yake. Moja. Mbili. Tarakimu zilitokea moja moja katikati ya kioo. Sita. Saba. Kwenye nane niliinuka nikachomoa plagi ukutani.

Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Miguu yake miwili ya chuma ilikuwa na uvuguvugu.

Tangu siku hiyo nimejaribu mara moja tu kuupakia mchezo kwenye kompyuta, nayo imekataa. Utepe umechoka. Kompyuta haitambui tena kilichomo, ingawa mama bado anakitambua. Mjomba huja siku za Jumapili, anakaa sebuleni akiwa kimya, na kelele ikianza anavua kofia.

Muuguzi alipita juzi, akaibana ngozi ya mama, akasema inarudi.

Siku za kazi natoka ofisini mapema kwa ruhusa, na kila siku saa kumi na moja na nusu naweka kanda kwenye kinasa upande wa pili wa ukuta, juu ya televisheni, nanawa mikono, naingia na bakuli. Inapokaribia dakika ya mwisho naenda kubonyeza kitufe cha kusimamisha, kabla mlio haujaisha.

"Imegoma," mama anasema.

"Imegoma," namjibu, na nairudisha kanda nyuma kwa ajili ya kesho.